Mikono ya Guanyin Iliyovunjikia Njiani

Kasongo, mkesha wa safari yako

Mwamini mwanangu,

Nimeanza kuandika tangu alasiri na bado sijafika popote. Nakaa, naandika mistari miwili, nainuka. Nimekwenda kuangalia sanduku lako, nimezigonga bawaba zake, nimerudi, nimekwenda tena. Mama yako ameniambia kama siwezi kutulia nimpishe nyumba yake, basi nimekuja huku kwenye atelie, kati ya vitanda vya watu ambavyo sijavimaliza, na karatasi nimeiweka juu ya meza ya kurandia. Vumbi la mbao likianguka utakapoifungua, usishangae.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukueleza yote: dawa ya malaria, nani wa kumpigia simu ukifika Kindu, namna ya kuishi kwa mama yako mdogo kule Kinshasa. Mimi nataka kuandika juu ya yale yaliyotokea msimu wa mvua uliopita, yule mama Mchina, Mama Lin, alipotuletea sanamu yake. Ulikuwepo, najua. Lakini wewe ulikuwa upande wako na mimi upande wangu, na tangu siku zile hatujayazungumza. Kila nikitaka kuanza, najikuta nakuuliza kama umekula.

Alifika amelowa tope mpaka kiunoni. Nyuma yake alikuja Shabani, dereva wa pikipiki, amekumbatia kasha lililopasuka. Walikuwa wametoka upande wa Lusangi, ambako Mama Lin alikuwa mpishi wa Wachina wenye mashine za kuchimba dhahabu. Kazi yake ilikuwa imekwisha na alikuwa anarudi kwao. Kwenye daraja la miti pikipiki iliteleza, kasha likaanguka juu ya mawe. Shabani alikuwa anachechemea, damu inashuka kwenye goti, lakini alichokuwa anaomba radhi ni kasha. Mama Lin alikuwa amekaa nchi hii miaka mingi, Kalemie kwanza, kisha huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno mafupi lakini kilifika. Alisema watu walimwambia Kasongo iko fundi anajua mbao. Akafungua kasha.

Ndani alikuwamo mwanamke wa mbao, mkubwa kama mtoto anayejifunza kusimama, amekaa juu ya ua lililofunguka. Macho ameyainamisha, uso umetulia. Na nyuma yake mikono, mikono tu, imetanda kama majani ya mchikichi. Mmoja umeshika kamba, mwingine kengele, mwingine bakuli, kioo, tawi la mti. Mmoja ulishika shoka dogo, na bila shaka hilo ndilo nililoliona kwanza. Mingine haikushika kitu, ila katikati ya kiganja palichongwa jicho. Upande wa kulia mikono mitano ilikuwa imekatika, na vipande vyake vilikuwa vimesagika kwenye mawe, havifai tena.

Mama Lin alituambia anaitwa Guanyin, na kwamba jina hilo maana yake ni yule anayesikia kilio cha dunia. Mikono ni mingi kwa sababu wanaolia ni wengi. Jicho liko kiganjani ili mkono umwone mtu kabla ya kumgusa. Mama yake mzazi alimpa sanamu ile siku alipotoka nyumbani kwao, na mama huyo amekwisha kufa. Hakutaka kumrudisha Guanyin kwenye nyumba ile akiwa amevunjika.

Nilikataa. Nilimwambia mimi ni Muislamu, natengeneza milango na vitanda na madawati, sanamu ya kuombwa sitengenezi. Nilisema kwa adabu, na nilichosema kilikuwa kweli. Lakini hakikuwa kweli yote. Majirani walikwisha kusimama mlangoni wakinyoosha shingo, na mimi nilikuwa nawasikia kesho yake sokoni kabla hawajafungua mdomo. Maisha yangu mengi nimeyaamua hivyo, Mwamini, kwa kusikiliza maneno ambayo bado hayajasemwa.

Wewe ulikuja kutoka jikoni, mikono ina majani ya muhogo ya sombe, ukachuchumaa mbele ya kasha. Hukuuliza ruhusa. Ulimzunguka yule mwanamke wa mbao, ukaangalia mahali mikono inapoingia mgongoni, ukaangalia namna fundi wake alivyofuata mshipa wa mti. Mama Lin aliona unavyoangalia. Akaacha kunibembeleza mimi, akachukua telefone yake akaanza kukuonyesha wewe.

Nakumbuka zile picha zaidi kuliko unavyodhani, maana nilijifanya narandia mbao huku nachungulia. Katika moja Guanyin alikuwa amevaa nguo nyeupe mpaka kichwani, ameshika chupa ndogo ya maji na tawi lenye majani membamba. Katika nyingine alikaa juu ya mwamba kando ya maji, mguu mmoja ameukunja, anaangalia mwezi ulio chini majini wala haangalii ule wa juu. Katika nyingine alisimama juu ya mawimbi na nguo yake inapepea. Kisha ikaja ile ya kauri nyeupe, amepakata mtoto, na mama yako akasema huyu si Bibi Mariamu? Mama Lin akacheka, akasema watu wengi wanamuuliza hivyo. Mwisho akaonyesha picha ya zamani sana, iliyochorwa ukutani ndani ya pango, rangi zimeanza kutoka. Uso ulikuwa uleule, macho yaleyale yaliyoinama, lakini juu ya midomo palikuwa na masharubu membamba.

Ukauliza, huyu ni mwanamume ao mwanamke?

"Zamani, mwanaume," alisema. "Kisha watu walihitaji mama."

Baada ya jibu lile uliirudia ile picha ya pango tena na tena. Mimi niliona ni utoto. Leo ndiyo najua ulikuwa unafikiri jambo ambalo mimi sijawahi kulifikiri hata mara moja: kwamba mtu anayechonga anaweza kupewa uso uleule na watu walewale, na bado akaamua mwenyewe utakuwa wa nani.

Mama Lin alikwenda kupanga chumba karibu na soko, akiacha kasha kwetu. Alisema atangoja mpaka gari la Kindu lipatikane. Nilimwambia asingoje. Akasema atangoja tu.

Nimetoka kidogo. Shabani amepita kuuliza kesho ni saa ngapi, ingawa anajua. Nimemfanya aniwashie pikipiki nisikilize mashine, kana kwamba naelewa kitu. Amenivumilia. Narudi kwenye habari yangu.

Siku zilezile ndipo mazungumzo ya posa yako na watu wa Nyangwe yalipokuwa yamefika mbali. Saidi ni mtu mzuri, sitasema vingine. Ana mitumbwi yake, anauza samaki mpaka huku kwetu, na mjomba wake ni rafiki yangu wa zamani. Walipokuja mara ya kwanza, wewe uliwawekea maji ya kunawa, ukatoka. Walipokuja mara ya pili, vilevile. Mjomba akaniuliza, binti anasema nini? Nikamjibu, hana neno. Hukuwa na neno kwa sababu hakuna aliyekupa nafasi ya kulisema, lakini mimi unyamavu wako niliuchukua nikaandika juu yake ndiyo, kama mtu anayetia sahihi kwenye karatasi ya mwingine.

Mama yako mdogo alikuwa amekwisha kupiga simu kutoka Kinshasa, akisema iko shule ya kuchora na kuchonga, na kwamba yeye atakupokea. Nilimwambia tutaona. Wewe ulikuwa umekaa palepale ukimenya muhogo, na ulijua kabisa "tutaona" ya baba yako maana yake nini.

Kisha nikaenda Kabambare kupeleka milango ya duka. Mvua ilinishika huko, njia ikawa mtelezo mtupu, nikachelewa kurudi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka, mgongo unauma kwa pikipiki, nikaja moja kwa moja hapa atelie kuweka vyombo. Na juu ya meza hii ninayoandikia nikaiona mikono mitano, imepangwa juu ya kitambaa ikauke.

Nataka nikuambie nilichoona kabla ya kukuambia nilichofanya. Niliona kazi. Vidole vilikuwa hai. Mmoja ulikuwa unapokea, mwingine unazuia, mwingine umelegea kama wa mtu aliyelala. Na mmoja niliutambua. Kidole cha pili kimepinda kwenye kifundo cha kwanza, kama cha mama yako tangu siku mchi ulipomponda alipokuwa na mimba yako. Ulikuwa umechukua mkono wa mama yako ukampa Guanyin. Mimi nimeishi na mkono ule tangu kabla hujazaliwa, na sikuwahi kuuona hivyo. Nimefanya kazi ya mbao tangu nikiwa kijana, na sijui kufanya ulichofanya.

Ndipo nikakasirika. Nilijiambia ni kwa ajili ya dini, kwa ajili ya kutotii, kwa ajili ya watu wa Nyangwe wakisikia. Niliikusanya ile mikono yote mitano kwa kitambaa chake na kuitupa kwenye lundo la maranda pale nje. Kisha nikaingia kuoga.

Mama Rehema, jirani yetu, alikuja kuchukua maranda ya kuwashia moto kama afanyavyo kila jioni. Hakutazama; kwa nini angetazama? Wewe ndiye uliyekuta meza tupu, ukaona moshi, ukakimbia. Minne uliipata ikiwa kwenye kapu bado. Wa tano ulikwisha kuingia jikoni kwake, na alipoutoa kwa fimbo vidole vilikuwa vimekwisha, umebaki ukingo wa kiganja.

Ulikuwa ule wa kidole kilichopinda. Hukulia. Ulirudi na kile kipande, ukakiweka mezani, ukaenda kunawa uso. Mama yako alikiangalia, akaniangalia mimi. Unajua si mtu wa kupaza sauti.

"Ule mukono ulikuwa wangu," alisema. "Umeutupa mu moto."

Mama Lin alitukuta hivyohivyo, sote watatu tumesimama mbele ya meza. Alikuja kusema gari limepatikana na litaondoka baada ya siku chache. Aliona mikono minne na kile kipande cheusi. Nilingoja anitukane, na ningefurahi, maana mtu akikutukana unapata pa kushika. Alikaa kwenye benchi, akashika kile kipande, akaanza kutusimulia hadithi ya Guanyin, polepole, akitafuta maneno, na pale Kiswahili kilipomwishia alionyesha kwa mikono.

Alisema Guanyin alikuwa binti wa mfalme. Baba yake alitaka kumwoza, yeye akakataa, akataka kwenda kukaa kwenye nyumba ya sala. Baba akamruhusu kwa hila, akawaamuru watu wa nyumba ile wampe kazi ngumu mpaka achoke arudi. Hakurudi. Baba akaichoma moto ile nyumba. Bado hakurudi. Baba akaamuru auawe, lakini chui mkubwa akamchukua akampeleka mlimani, na huko akaishi. Miaka ikapita, mfalme akashikwa na ugonjwa uliooza mwili wake wote. Mganga akasema dawa yake inatengenezwa kwa macho na mikono ya mtu asiyekuwa na hasira hata kidogo, na kwamba mtu huyo yuko kwenye mlima fulani. Wakatumwa watu. Yule mtu wa mlimani akatoa macho, akatoa mikono. Mfalme akapona, akapanda mlima kushukuru, akamkuta mwanamke asiye na macho wala mikono. Akamtambua mwanawe. Hapo ndipo binti akageuka, akawa na mikono elfu na macho elfu.

Nilimuuliza, na baba yake alisema nini?

Mama Lin alifikiri. "Baba analia," akasema. "Maneno yake, hadithi haisemi."

Tangu siku ile jambo hilo linanisumbua. Nikiwa narandia, nikiwa kwenye sala hata, Mungu anisamehe, namuona yule mfalme amesimama mlimani mdomo wazi. Alisema nini? Kulia si kusema. Mimi pia nililia, nyuma ya atelie, na hukuniona, na hakukusaidia kitu.

Basi nitasema mimi ninachoweza. Sikukataza mikono yako kwa sababu ilikuwa inakosea. Niliikataza kwa sababu ilikuwa inakwenda mahali ambapo mimi sikwenda. Nilipokuwa na umri wako, fundi mmoja wa Kalemie alipita hapa akaona kiti nilichotengeneza, akaniomba kwa baba yangu anichukue nikajifunze kwake. Babu yako akakataa na mimi nikabaki. Miaka yote hii nimeita kubaki kule utiifu, na watu wamenisifu kwa ajili yake. Ulikuwa woga, mwanangu. Nilifurahi sana aliponikatalia. Usiku ule nililala usingizi mzuri. Ukija kujikuta umefurahi kukatazwa jambo, jiangalie vizuri.

Na jambo lingine, hili ndilo linalonifanya niinuke kila mara. Mimi siipendi ile hadithi. Mama Lin aliisimulia kama jambo zuri, na kwake ni zuri, sitaki kuidharau imani ya mtu. Lakini nikikaa na kuifikiri kama baba, sitaki binti wa namna ile. Siku moja utapigiwa simu uambiwe baba yako anaumwa. Itafika, umri wangu unakwenda. Usikate kitu chako kunitengenezea dawa. Usiache shule kuja kunikalia pembeni ili watu waseme una huruma. Uje kuniona kama njia inakuruhusu, uniletee habari za huko, kisha urudi kwenye kazi yako. Na ukiwa bado una hasira nami, ibaki. Sikuhitaji usiwe na hasira hata kidogo. Ninakuhitaji uwe na mikono.

Siku ileile Mama Lin alipotusimulia, nilikuuliza mbele ya mama yako unataka nini. Ulisema kwanza unataka kuchonga tena ule mkono ulioungua. Nikauliza, na habari ya Nyangwe?

"Ya Nyangwe, baba," ulisema, "hakuna mutu aliniuliza."

Kesho yake nilikwenda Nyangwe kuivunja ile posa. Hujawahi kuniuliza yaliyotokea huko, nakuambia sasa. Mjomba alinipokea vibaya, na alikuwa na haki. Alisema nimewafanya watu wake watoto. Sikujitetea. Saidi mwenyewe alinisindikiza mpaka njiani, na tulipofika pa kuagana alisema, "Ningependa niambiwe mapema. Ile tu." Mjomba mpaka leo tukikutana sokoni ananipa salamu ya mbali. Urafiki ule nimeupoteza, na si wewe uliyeupoteza. Mtu akikuambia huko mbele kwamba ni wewe, usikubali.

Nilikwenda pia kwa imamu. Nilimweleza yote. Hakunipa ruhusa na hakunilaani. Alisema kuchonga sanamu yeye hawezi kunihalalishia, na kwamba kumrudishia mgeni mali yake ikiwa nzima ni jambo lingine, na mstari kati ya hayo mawili nitafute mwenyewe nikiwa na hofu ya Mungu. Niliutafuta. Sina hakika niliupata. Unakumbuka nilichofanya: nilitoboa matundu, nikachonga vijiti vya kuungia, nikakuonyesha namna ya kuvikaza bila kupasua mbao ya zamani, na ulipofika wakati wa kuchonga jicho kwenye kiganja nikatoka nje nikasimama barabarani mpaka ulipomaliza. Huenda ulidhani nakuonea aibu. Nilikuwa nahofia nafsi yangu. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa, na nimeamua kukuachia pia ile hali ya kutojua. Utafundishwa na watu watakaokupa majibu ya haraka, wa dini na wasio wa dini. Mimi imani yangu sijaibadili na sitaki uiache yako. Ila ukisikia moyo haujatulia, usiharakishe kuunyamazisha.

Mama Lin alipokuja kumchukua Guanyin, hakusema asante kwanza. Alipitisha kidole kwenye kila mkono mpya, akafika kwenye ule wenye kidole kilichopinda, akaenda jikoni, akashika mkono wa mama yako akautazama. Wale wawili hawakuwa na lugha ya kutosha, wakasimama tu wameshikana. Kisha tukamfunga Guanyin ndani ya godoro, na gari likaondoka. Aliandika mara moja kwenye telefone yako kwamba wamefika. Baada ya hapo hatujasikia. Kuna nyumba kule China ambako watu wasiomjua Mungu wetu wanamwomba Mungu wao, na mbele yao iko mikono mitano ya mbao ya huku kwetu Maniema. Sijui niwaze nini juu ya jambo hilo, kwa hiyo naliwaza mara nyingi.

Nasikia rafiki zako wanakusuka humo ndani na mnacheka. Nimekuja mpaka mlangoni, nimerudi. Mama yako ameniona, amenifukuza kwa macho.

Kesho asubuhi hutasikia lolote katika haya. Nakujua na najijua. Nitaizunguka pikipiki, nitamuuliza Shabani juu ya matairi, nitafungua kamba ya sanduku ambayo haina shida na kuifunga upya, na wewe utakuwa umekwisha kupanda, unaniangalia ukitaka niseme neno. Nitasema kamba imekaza. Uitikie, mwanangu, na uende.

Mimi baba yako,
fundi wa mbao, Kasongo